Shule Mbili Nilizokukagulia

Nyumba ya kona,
Nyuma ya karakana ya magari.
Jumatano, 12 Novemba.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu wa uzeeni,

U hali gani? Na mke mwenzangu hajambo? Bado anakutunza, au nije nimnyang'anye jiko? Mimi mzima. Goti la kushoto linalalamika nikipanda ngazi, ila limeshazoea kutosikilizwa. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa hapa chini, maana kalamu na mimi hatukuwahi kujuana. Anataka kunilainishia maneno. Nimemwambia aandike ninavyosema, la sivyo suruali ya mteja wake naikalia.

Nimefurahi kazi inakuhamishia huku. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu ungenikatiza.

Uliniomba nikutazamie nyumba upande wa ile shule kubwa ya geti la bluu, kwa kuwa shule za hapa hupokea kwanza watoto wa mitaa yao. Nyumba nimeiona. Vyumba vitatu, maji ndani, mwenye nyumba mtu wa maana. Na shule yenyewe ina ubao wa majina ya waliofaulu, mrefu kuliko mlango. Hata mimi nisiyejua kusoma niliuheshimu.

Sasa sikia. Nilipofika ofisini, karani alikuwa anamsubiri mfanyakazi mpya wa usafi. Kuniona na kitambaa changu kichwani, akanishikisha ndoo na tambara. "Anza na madirisha ya darasa la pili, mama." Nilitaka kumwambia amekosea, kisha nikawaza: mgeni ataonyeshwa ubao, mfuta madirisha ataonyeshwa watoto. Nikafuta. Usicheke.

Ndani, mtoto mmoja alisimamishwa asome. Akakwama kwenye neno, vilevile anavyokwama kitinda mimba wako, Babu Mdogo wetu. Mwalimu akatazama saa yake. "Ukifika utatuamsha." Darasa zima likacheka. Mtoto akakaa, na hakuna aliyemsimamisha tena mpaka kengele ikalia. Kile kioo nilikisugua nusura kipasuke.

Kesho yake nikaenda shule ndogo ya nyuma ya soko. Huko hawakunipa ndoo. Mwalimu mkuu alinipa kiti nyuma ya darasa. Sikufichi kitu: dirisha moja limezibwa kwa kadibodi, watoto wanabanana wanne kwenye dawati moja, na waliofaulu mwaka jana ni wa kuhesabu kwa vidole. Choo niliingia mwenyewe, ni kisafi. Basi mtoto akawa anahesabu, akakwama kwenye saba. Mwalimu akageuka, akaanza kufuta ubao uliokwisha kufutwa, taratibu, kama mtu asiye na safari, mpaka mtoto akaitoa saba yake. Ndipo akasema, "Haya, saba. Halafu?"

Najua utaniuliza habari za dada yake Babu Mdogo, Bi Maswali. Ni kweli, yule ana kichwa, na geti la bluu lingemfikisha mbali. Hilo limeninyima raha siku mbili. Lakini Bi Maswali ana mdomo. Asipofundishwa atadai, na wewe utamtafutia vitabu. Mdogo wake, uliniandikia mwenyewe, tangu wenzake waanze kumwiga anavyokwama, huu ni mwezi wa tatu hajatoa neno darasani. Ukimpeleka kwa yule mwenye saa, utakuwa umemziba mdomo kwa mikono yako. Ukitaka kukasirika, kasirika. Nimeshasema.

Nyuma ya soko kuna nyumba ya vyumba viwili. Ndogo, na jiko lake halitoshi watu wawili wanaogombana. Mwambie mke mwenzangu akija kununa anunie kwangu, mahali papo.

Shangazi yako muuza vitambaa anawasalimu sana. Mjomba wako kinyozi anauliza kama bado unaamshwa kwa maji. Mbusu Bi Maswali, na mwambie sijui kwa nini mwezi unatufuata, amuulize baba yake. Mungu awafungulie njia, mfike wote wanne na afya zenu.

Jambo la mwisho. Darasa la kwanza pale kwenye shule ndogo imebaki nafasi moja, na wataishikilia mpaka mwisho wa mwezi. Mwalimu mkuu alifungua daftari akaniuliza jina la mtoto. Sikumpa. Nilimwambia mwenye jina atakuja kulitaja mwenyewe, na huenda akachukua muda. Akaacha mstari mtupu, akafunga kalamu yake. Akasema watamsubiri.

Ni mimi nikupendaye hata ukininunia,
Bibi yako.