Wimbo Bila Kasia

Mjukuu wangu Uwase,

Huku Gisenyi tungali wazima, ila magoti yangu yamechoka kuliko mimi. Bibi yako anakusalimu sana. Mbuzi wake amezaa.

Umeniuliza kama nitaimba ndani ya boti mpya unayotaka kununua, ukianza kupeleka wageni kisiwani.

Miaka ya hamsini, baba na mimi tuliwavusha wazungu ziwani kwa makasia, tukiimba ili tuvute pamoja. Mwanzoni walikuja wachache. Kila kiangazi wakaongezeka, mpaka mwenye hoteli akaleta boti ya mashine. Makasia tukayaacha ufukweni, lakini wageni bado walitaka wimbo, basi tukapakiwa tuimbe tu.

Baba akafungua kinywa, sauti haikutoka. Akaniambia, "Mikono iko bure, wimbo utatoka wapi?" Kisha akainama, akatumbukiza mkono majini, akavuta. Akavuta tena. Ndipo wimbo ukaja. Wageni wakacheka, wakapiga makofi.

Nunua boti yako, mwanangu, wageni watajaa. Nitakuja kuiombea dua. Ila kuimba, hapana. Mkono wangu haufiki tena majini.

Babu yako