Sahani Niliyoikataa

Jumamosi, Kadutu. Mvua inanyesha tangu asubuhi, na njia yetu ya kushukia sokoni imekuwa tope tupu. Afadhali. Leo sitaki kuonana na mtu.

Naogopa. Naliandika neno hilo kwanza ili nisilizunguke.

Kwenye kituo cha afya ninakofanya kazi, chanjo za watoto hukaa ndani ya frigo. Joto lake lazima lisomwe asubuhi na jioni, liandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni pake. Wiki tatu zilizopita, Jumatatu asubuhi, nilikuta umeme umekatika tangu Jumamosi na barafu yote imekuwa maji ya vuguvugu. Karatasi ilisema digrii nne. Jumamosi nne, Jumapili nne, na hata Jumatatu jioni, ambayo ilikuwa bado haijafika, nne. Mwandiko ulikuwa wa Mama Faida, muuguzi aliyenitangulia kazini miaka kumi, yeye aliyenifundisha kumchoma mtoto mchanga sindano bila kutetemeka.

Nje akina mama walikuwa wameshapanga foleni na watoto wao mgongoni. Nilimpelekea karatasi Papa Bahati, mkuu wetu. Chanjo zilitupwa, na Mama Faida akaondolewa kwenye kazi ya chanjo.

Tangu siku hiyo salamu zangu haziitikiwi. Nimepangiwa zamu kila Jumapili, misa nimeisahau. Blauzi yangu nyeupe ya kazi niliikuta ndani ya beseni la maji machafu. Hayo niliyavumilia. Mimi nimekulia kando ya soko la Kadutu, kununiwa hakuniui.

Kisha Jumatano ikaja sahani.

Saa sita mchana tunakula pamoja katika chumba cha nyuma. Anayemkaribisha mwenzake chakula huonja kwanza mbele ya wote. Hakuna anayeeleza kwa nini, maana Bukavu nzima inajua habari za karuho, sumu ambayo mlozi anamwekea mtu kwenye chakula halafu mtu huyo anakauka polepole. Mama Faida aliweka mbele yangu bugali na sombe ya majani ya muhogo, akakaa, mikono mapajani. Hakuonja.

Nilisubiri. Wote waliacha kutafuna.

"Kula, Nsimire," akasema. "Ao unazani niko mulozi?"

Nilisema sina njaa. Mkono wangu ulikuwa umeshaisukuma sahani.

Akaivuta kwake, akaila yote. Tonge kwa tonge, polepole, akinitazama huku machozi yakimtoka, mpaka akapangusa sombe ya mwisho kwa kidole. Hakuugua. Jana nilimwona, mzima kuliko mimi.

Sijui kama alitaka amani au alinitega. Siku tatu nalifikiria hilo na bado sijui. Kama alitaka amani, basi mimi ndiye niliyemuumiza mbele za watu. Kama alinitega, nimeingia mwenyewe kwa miguu yangu. Siku hizi hata maji ya kunywa naenda nayo kutoka nyumbani, na chupa siiachi mezani nikienda chooni. Naona aibu kuliandika hili.

Jana Papa Bahati alinipa barua, ile demande d'explication ambayo lazima uijibu kwa maandishi ndani ya saa arobaini na nane. Inaniuliza kwa nini nimemfanya mwenzangu mlozi mbele ya wafanyakazi. Ya frigo, hakuna hata mstari mmoja. Binti wa maabara aliyepewa barua kama hiyo mwaka jana, leo anauza makaa sokoni.

Mume wangu ameniambia niandike kwamba nilikuwa nafunga. Mimi Mkatoliki, nani atabisha?

"Andika vile, iishe," alisema. "Batoto bangali banasoma."

Nilijaribu. Nikaandika "Nilikuwa nafunga", nikaisoma mara mbili, nikaona kwamba sasa nami ninafanya alichofanya Mama Faida. Nikaichana. Kisha nikachukua karatasi nyingine.

Mwishowe nimeandika hivi: sikumwita mwenzangu mlozi. Nilikataa chakula chake kwa sababu niliogopa, na kama alikuja kwa wema, namwomba msamaha. Lakini frigo ilizimika siku mbili, na karatasi ilidanganya. Nimesaini. Kesho nikiingia zamu nitaiacha mezani kwa Papa Bahati.

Mume wangu ameisoma, akanirudishia. Kisha amesimama mlangoni, na nimemsikia kwenye simu akimuuliza kaka yake anayeishi kijijini Miti kama lile shamba la nyuma ya nyumba yake bado halijapata mtu wa kulilima.

Naogopa vilevile. Lakini hakuniambia nisiipeleke.