Nguo za Mnyonya Damu Zinaanikwa Lini?

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Ipokee kabla hujaichana barua hii, maana nakujua: ukiona mwandiko wangu juu ya bahasha mkono unakuwasha. Hujambo lakini? Magoti bado yanakusumbua ukipanda ngazi? Shemeji naye, kile kikohozi kimemwachia? Na binti yako, aliyerithi kelele zako zote, ameizoea kazi ya uuguzi au bado anazimia yeye kabla ya mgonjwa? Mimi ni mzima kwa kadiri yangu. Hiyo kadiri nitaieleza, usiwe na haraka.

Sijasahau ulichoniambia siku tuliyomzika baba, kwamba nisikanyage kwako tena. Ulisema mbele ya watu. Tangu siku hiyo simu zangu hupokei, ujumbe unausoma unanyamaza. Basi nimerudia karatasi kama watu wa zamani, kwa sababu nataka kuja nyumbani, dada. Nataka tu kuja nyumbani.

Nianze na habari za kazi, maana zina uhusiano. Bado ni mpambaji wa waigizaji kwenye kampuni ile ile ya filamu za kutisha na kuchekesha. Tunatengeneza ya nne sasa, na bado ni yule yule mnyonya damu wa joho jeusi. Mwigizaji wake tunamwita Bwana Meno. Ni mtu mpole ajabu, panya akipita anapanda juu ya kiti, na akivaa yale meno ya bandia hawezi kutamka vizuri, kwa hiyo badala ya kutisha watu anawamwagia mate. Kila asubuhi nampaka weupe usoni na weusi chini ya macho, huku yeye ananisimulia ndoto zake.

Shida yetu kubwa kwenye filamu hizi ni jua. Katika ya kwanza, mwanga ulimgusa kidogo tu akageuka majivu. Watu wakaipenda, mwongozaji akataka ya pili, na mhusika mwenyewe ndiyo hivyo tena, yuko ndani ya ndoo. Ikabidi itungwe kwamba majivu yakimwagikiwa na supu ya moto mtu anainuka. Katika ya pili jua linamuunguza, lakini akishika mwavuli anapona. Katika ya tatu anajipaka mafuta ya kuzuia jua, anakwenda sokoni mchana kweupe kuchagua nyanya! Watazamaji wakaja juu. Mimi nilikuwa nimekasirika kuliko wao, nikamwambia mwongozaji wazi kwamba anachezea akili za watu. Akacheka, akanipa kazi ya pili: niwe mtu wa kukumbuka sheria za jua, nimkemee akizivunja.

Ukali ule niliutoa kwako. Unakumbuka sebuleni kwa jirani, filamu za wanyonya damu zikionyeshwa, ulivyokuwa ukinifumba macho kwa kiganja na kuacha vidole wazi? Mimi nilikuwa natetemeka, wewe unabishana na televisheni. Ulisema kama mwanga unaua basi hata yule aliyejibanza barazani angekufa, kwa sababu kivuli si giza, kivuli ni jua lililokaa chini kupumzika. Jirani akakuambia unyamaze. Ndipo baba akapita kutuita tukale, akasimama mlangoni, akatazama kidogo, akauliza sasa huyu bwana nguo zake anaanika lini. Tulicheka mpaka tukafukuzwa.

Sasa sikiliza. Wakati tunaanza hii ya nne, baba akiwa tayari amelala kitandani na wewe unamuuguza, tulikuwa na kipande cha mnyonya damu akikimbia uwanjani adhuhuri, anaungua. Bwana Meno siku hiyo tumbo lilimsokota, hakuweza hata kusimama wima. Kimo chetu ni kimoja, mwongozaji akaniomba nivae joho nikimbie badala yake. Nilikimbia, uso juu, mikono nimenyoosha, ninapiga mayowe. Tulirudia na kurudia kwa sababu nilikuwa nashindwa kujizuia kucheka. Nilifurahi siku ile, dada, sitakuficha.

Kesho yake niliamka viungo vinauma, vidole vimevimba hata pete haitoki, na uso mwekundu kutoka shavu hadi shavu, kupita juu ya pua. Nikasema ni uchovu, nikaenda kazini hivyo hivyo. Mwongozaji aliponiona akapiga makofi. Akaita watu wote waje watazame. Alisema hivi ndivyo alivyotaka mnyonya damu aonekane akiungua, na kwamba mpambaji anayejifanyia majaribio usoni mwake mwenyewe ana kipaji cha kuzaliwa. Mpiga picha akasogeza taa ili waone vizuri zaidi. Waliniuliza nimetumia rangi gani.

Na mimi nikacheka nao. Ningefanyaje? Kazini kwetu mtu akija na uso ulioharibika hapewi pole, anapewa hongera. Nikamkalisha Bwana Meno mbele ya kioo, nikawa naangalia uso wangu na kuunakili juu ya wake, doa kwa doa, mpaka tukafanana. Jioni tulipomaliza kazi nikamfuta kwa kitambaa, akasafika, akanigeukia. Akaniuliza mbona rangi yangu haifutiki. Ndiye mtu peke yake aliyeuliza. Ndiye aliyenisindikiza hospitali, meno yake ya bandia mfukoni.

Dada, ninaumwa. Daktari alinieleza kwamba ni ugonjwa ambao mwili unajipiga wenyewe, na jua ndilo linaloumwagia petroli. Hauambukizi, na hauishi. Nina vidonge vya kila siku, tena nina sheria. Nisitoke mchana bila lazima. Nikitoka, nivae mikono mirefu na kofia pana, nijipake mafuta. Nisikae dirishani. Nikamuuliza, je, nikikaa kivulini? Akasema hata kivuli kinaweza kuniumiza, kwa sababu mwanga unaruka kwenye kuta na ardhini ukanifuata nilipo. Nilicheka kwa sauti mle ndani mpaka akadhani sijaelewa ugonjwa wenyewe. Sikuweza kumweleza kwamba dada yangu alishayasema hayo akiwa na sketi ya shule.

Basi sasa unajua kwa nini sikushuka garini siku ya kumzika baba. Nilikuwa ndani ya gari, umbali wa kutupa jiwe kutoka kaburini, vioo nimevifunika kwa shuka, miwani myeusi usoni. Ulifungua mlango, ukaniona nimejikunyata kiti cha nyuma, ukasema naogopa vumbi, kwamba sinema zimenifanya malkia. Wiki ile nilikuwa nimelazwa hospitali nikatoka, magoti hayanibebi, na jua lilikuwa utosini. Ulipobamiza mlango niliinua ncha ya shuka. Nilimwona baba akipitishwa mabegani mwa watu, nikaona kisogo chako, nikaona kila mtu ana wa kumshika mkono. Nilimzika baba kwa upenyo wa shuka, dada.

Kwa nini sikusema? Kwanza wewe ulikuwa umekonda kwa kumuuguza, nikaona nikikuongezea mgonjwa mwingine utaanguka. Halafu, hebu fikiria. Mimi, mtengeneza wanyonya damu, nikuambie kando ya kaburi kwamba nami sasa naogopa jua! Ungenizaba kofi, na waombolezaji wangekusaidia.

Sasa naishi nyuma ya mapazia mazito. Kazini nimewekewa chumba kisicho na dirisha, waigizaji wanakuja humo wanapambwa, wanatoka kwenda mwangani, nabaki na vioo. Nyumbani mtaa naujua kwa sauti tu: watoto wakienda shule, fundi wa viatu akigonga nyundo, majirani wakiitana. Hawanijui hata jina. Nguo ninafua jioni na kuanika jua likishatua, na ninazianua kabla halijachomoza, mbichi, zinanuka. Kila nikizianua namkumbuka baba na swali lake, natamani nimpelekee jibu. Nimechoka kuwa peke yangu. Sijui kulisema kwa namna nyingine.

Nitakuja Jumamosi. Usinipikie, usimwite mtu. Kama utakubali, Jumapili jioni unipeleke alipolala baba, jua likiwa limeshuka.

Ila kuna sheria moja ambayo mwongozaji hajawahi kuigusa katika filamu zote nne, na nisingemruhusu. Mnyonya damu haingii kwenye nyumba ya mtu mpaka mwenye nyumba amkaribishe kwa mdomo wake. Ulikuwa ukisema sisi tungekwisha wote jioni moja, maana mtu akipiga hodi tunaitikia karibu kabla hatujajua ni nani. Dada, nitafika giza likianza kuingia, na nitasimama nje ya mlango wako. Nitapiga hodi. Nakuomba usiulize ni nani.

Msalimie shemeji, na mwambie binti yako nina maswali mengi ya kumuuliza kuhusu vidonge. Magoti yako uyapake mafuta ya moto, usiwe mkaidi.

Ni mimi, mdogo wako uliyemfumba macho ukaacha vidole wazi.