Shemeji Hakupotea Njia

Kituo cha Polisi wa Mpakani,
Lamdhar.
Siku ya tatu baada ya Rakhi.

Dada yangu mpendwa Hansi,

Baada ya kuinamia miguu yako na ya mama mkwe wako, nakujulisha kwamba mwili wangu hauna neno. Natumaini nanyi mmeamka salama, kikohozi chake kimepungua, na ng'ombe amezaa bila taabu. Umeniandikia kwamba nyani wamemaliza mahindi ya shamba la juu. Mwaka huu wafukuzeni kwa kugonga mabati, mawe hawayaogopi tena. Huku mvua haijakatika kwa wiki mbili na barabara imemeguka mahali pawili. Tarishi alifika kwa miguu, suruali imekunjwa magotini, akitutukana kana kwamba mvua tumeinyesha sisi.

Barua yako ameileta, na ndani yake nimeukuta uzi wa rakhi wa dada kumfunga kaka mkononi, ule mwekundu wenye shanga ya njano. Asante, dada. Katika mwaka kama huu, mtu mwingine angesahau. Uzi huo sijaufunga mkononi, na nitakueleza sababu yake kabla sijamaliza.

Swali lako nimelisoma mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Unaniuliza kama ni kweli kwamba mume wako alipotea njia kwa uzembe wake, kwamba kengele ya kambi iligongwa naye akaipuuza, akamwua kijana wa watu pamoja na nafsi yake. Unasema mama yake kijana huyo, Trilok, alikukuta kwenye chemchemi, akamwaga maji aliyokwisha kuteka, akaondoka na ndoo tupu. Unasema humlaumu, ila ungependa kujua ukweli ili nawe ujue uinamishe kichwa au la. Umeniuliza mimi kwa sababu nilikuwa hapa. Kweli nilikuwa hapa.

Wewe unajua jinsi tulivyoishi na hawa jirani zetu wa jeshi. Kambi yao iko ng'ambo ya kijito, juu ya mwamba, nasi tuko chini kwenye bonde, na kwa miaka tisa niliyokaa Lamdhar sijawahi kuona siku ambayo upande mmoja haukuuchokoza mwingine. Wao hutuita mabwana filimbi. Sisi huwaita punda wa serikali. Wakishinda voliboli, tunasema refa alikuwa wa kwao. Tukishinda sisi, wanasema tumewalisha dengu mbovu. Hata saa tulishindania. Lindo lao hugonga saa, nasi hugonga yetu, na hazijawahi kulingana, kila upande ukiapa kwamba wenzao wamelala. Ulikuwa utani, dada, na bila huo utani mtu angeweza kuzungumza na kuta mahali hapa. Nao walipougua homa ya mapafu, wapishi wetu ndio waliowapelekea supu.

Katika utani huo hakuna aliyemfikia shemeji Khushal. Ndiye aliyeingia jikoni kwetu siku ya sikukuu ya polisi, amevaa aproni ya mpishi, akatoka na sufuria ya nyama ya mbuzi ikiwa bado inachemka, mpishi wetu akimfungulia mlango. Kesho yake sufuria ilirudi imesuguliwa, na ndani yake barua yenye mhuri ikisema kwamba jeshi limekagua chakula cha polisi na kukiona kinafaa kwa mifugo. Mkuu wetu alicheka mpaka akakaa chini. Sisi tulilipiza kwa kumpaka nyumbu mweupe wa kapteni wao rangi za sikukuu ya Holi, na alitembea na mgongo wa waridi mwezi mzima. Sheria ilikuwa moja tu: kilichoibiwa kinarudi, na wenye mali wanakikomboa kwa sinia ya vitamu vya jalebi au beberu, kisha tunakula pamoja.

Kwangu na shemeji utani ulianza kabla ya hapo. Unakumbuka arusi yako. Nilimwibia viatu mlangoni kama ndugu wa bibi arusi wanavyoiba, nikavificha kwenye pipa la mchele, nikakaa kungoja anibembeleze. Hakunibembeleza. Alitoka peku kwenye umande wa alfajiri, akapanda garini, akanichungulia dirishani akasema, "Kaa navyo, shemeji, mimi nimekwisha kuchukua cha thamani." Wewe ulilia huku unacheka. Mama alinikemea, akaniambia mzaha mzaha hutunga usaha. Niliona ni maneno ya wazee tu.

Sasa nikueleze habari ya kengele, maana ndiyo uliyoiuliza. Ile ya jeshi si kengele yenye ulimi. Ni sahani nzito ya shaba, upana wake kama ungo, inaning'inia kwenye ndoano ya chuma ukingoni mwa mwamba na kugongwa kwa nyundo ya mbao. Yetu iko bondeni na sauti yake haivuki kilima. Yao hufika mpaka mgongo wa mlima wa Sunchuli, kule doria zinakopita. Kwa hiyo huku kila mtu, mwanajeshi, polisi na mchunga kondoo, anajua amri hii: theluji ikikufumba macho, simama hapo hapo, usishuke hata hatua kumi. Kambi itagonga kila baada ya dakika tano. Ukisikia, ifuate sauti. Wahenga walisema la mgambo likilia kuna jambo. Hawakusema lisipolia mtu afanyeje.

Siku ile ilikuwa ya kumi baada ya Diwali. Asubuhi mbingu ilikuwa safi hata tukaanika magodoro. Shemeji aliondoka saa moja na vijana wawili, Trilok na Nandan, kwenda kukagua mgongo wa Sunchuli na kurudi jioni. Alipita kituoni kwetu akinung'unika, kwa sababu siku hiyo kulikuwa na mechi ya voliboli naye ndiye mpigaji wao. Alinywa chai yangu, akaniambia tusiwafunge sana wenzake akiwa hayupo, maana wangelia na yeye angechoka kuwabembeleza. Nikamwambia aende zake, punda wa serikali. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Wawili wakarudi siku ya pili, wakiwa wamebebwa. Hayo unayajua. Tume ya uchunguzi ilikuja kutoka makao makuu ya bonde, ikakaa siku mbili, ikaandika kwamba kengele iligongwa tangu saa nane mchana theluji ilipoanza, na kwamba koplo Khushal Singh hakuifuata. Hiyo ndiyo karatasi waliyokusomea.

Karatasi hiyo ni ya uongo, dada. Kengele haikugongwa saa nane, wala saa tisa, wala saa kumi. Haikuwapo. Niliiiba mimi.

Niliiiba saa nne asubuhi, wakati wote wako uwanjani. Mlinzi wao nilimwambia mechi imefikia pointi ya mwisho, akachungulie mara moja, mimi nitamshikia lindo. Nikaishusha, nikaitia kwenye gunia, nikaipakia juu ya nyumbu wetu wa unga. Na nikueleze baya zaidi. Niliichagua siku hiyo kwa sababu shemeji hakuwepo. Yeye peke yake angeninusa. Nilitaka akirudi jioni aikute ndoano tupu, na kwenye ndoano kibao kikisema: "Wanaotaka kujua saa waulize polisi."

Mwaka uliopita mwenzetu mmoja alikuwa ametoboa siri ya wizi kama huu, basi safari hii sikumwambia mtu. Niliizika kengele chini ya magunia ya unga kwenye stoo, nikafunga kufuli, ufunguo nikautia mfukoni, nikateremka sokoni, mwendo wa saa tatu, kumwagiza mchoraji kile kibao. Nilikuwa nimekaa dukani kwake, nikichagua rangi ya herufi, theluji ilipoanza kuanguka barabarani.

Nilikimbia. Kule kupanda sikumbuki vizuri, nakumbuka kuanguka tu. Nilipofika ilikuwa saa kumi na moja. Wanajeshi walikuwa wamesimama juu ya mwamba wanapiga pipa la mafuta, na polisi wetu wako pamoja nao wanapiga masufuria, lakini bati halina sauti ya shaba, theluji inaimeza. Walikuwa wakiulizana kengele iko wapi, kila mmoja akidhani mwenzake anajua, mlinzi akiogopa kusema alimwachia nani lindo, wengine wamekwisha kushikana mashati. Nilifungua stoo, nikaibeba mgongoni peke yangu, nikaitundika, nikagonga. Niligonga mpaka nyundo ikapasuka, nikaendelea kwa kipande. Giza likiingia, Nandan akatokea anatambaa. Alikuwa peke yake.

Usiku wa kesho yake, maiti zikiwa zimeletwa, mkuu wetu na kapteni wao walikaa jikoni kwetu, wakanywa chai, wakaafikiana. Kambi iliyoibiwa kengele ya lindo mchana kweupe ingeaibika, na mlinzi wake angefungwa. Kituo kilichoiiba kingevunjwa. Na waliokufa, walisema, hawatafufuka kwa mtu kufungwa. Kwa miaka tisa hatukuwahi kukubaliana hata saa ngapi ilikuwa, na jambo la kwanza tulilokubaliana lilikuwa uongo juu ya maiti. Waliandika kwamba kengele ililia tangu saa nane, wakaita mashahidi. Shahidi wa tatu ni sajini wa polisi Diwan Singh Rautela. Sahihi ni yangu, sikulazimishwa. Niliogopa.

Kisha nikaja kwako kwenye matanga, nikabeba kuni, nikala wali wako, nikakaa kimya. Nakuomba usiusahau wali ule utakaponihukumu.

Nandan alikatwa vidole vya mguu, akarudi kazini mwezi uliopita, wamemweka jikoni kumenya viazi. Aliiambia tume kwamba hawakusikia kitu mpaka jioni, wakamjibu kuwa baridi ilimziba masikio. Wiki iliyopita nilikwenda kukaa naye. Nilitaka kujua, na nilikuwa naogopa kujua. Aliniambia walikuwa kwenye lundo la mawe la Sunchuli theluji ilipowafunika. Redio ilikuwa imekufa kwa baridi. Trilok alitaka kushuka kushoto, shemeji akamshika mkanda, akasema amri ni kusimama, kambi itagonga sasa hivi. Wakasimama. Kila baada ya muda aliwanyamazisha wasikilize. Trilok alipoanza kusinzia, alivua koti lake mwenyewe akamfunika, akampakata. Mwambie mama yake hilo. Kengele ilipolia jioni, ni Nandan tu aliyeweza kuinuka na kuifuata; wale wawili walikutwa hivyo hivyo.

Nilimuuliza Nandan kama shemeji alisema lolote kuhusu kengele. Nadhani alikwisha kujua ninachouliza. Akasema ndiyo. Baada ya saa nzima ya kusikiliza, koplo alicheka. Akasema, "Haki ya Mungu shemeji kanipata leo. Kaiiba kengele." Halafu akawaambia wasiogope, kwa sababu yule bwana ana roho nyepesi, akiona theluji tu atairudisha mbio. Akaendelea kungoja.

Basi swali lako nimelijibu. Mume wako hakupotea njia wala hakupuuza kitu. Alisimama pale amri ilipomtaka asimame, akanitegemea mimi. Usiinamishe kichwa mbele ya mtu yeyote. Barua hii ichukue mpaka kwenye chemchemi, umsomee mama yake Trilok, na wengine wakitaka kusikiliza wasikilize. Maelezo haya haya nimeyaandika mara mbili, nakala moja ya mkuu wa polisi wa bonde, nyingine ya kamanda wa jeshi, na Nandan ametia sahihi yake chini ya yangu. Tarishi akishaondoka na hii, nitazipeleka kwa mkono wangu. Wenzangu wa kituoni hawajui bado. Nadhani watanichukia, na huko ng'ambo pia, na haitakuwa utani.

Uzi wako umo ndani ya bahasha hii, nimeukunja kwenye karatasi nyembamba. Dada humfunga kaka yake ili amlinde, nami nimefungwa na wewe miaka thelathini na mbili, kisha nikakufanya mjane, nikamwacha marehemu wako abebe lawama yangu. Siwezi kuuvaa kwa siri. Ukimaliza kusoma, na siku zikipita, na bado ukaona nina mkono unaofaa kufungwa, utume tena, popote watakapokuwa wameniweka. Usipoutuma nitajua, wala sitauliza.

Msalimie mama mkwe wako ukiona inafaa kumsalimia kwa jina langu. Mwambie ng'ombe aliyezaa mara ya kwanza asikamuliwe sana. Viatu vya arusi bado viko kwetu kwenye pipa la mchele, mama hakuwahi kuvitoa. Ni vya shemeji, na ni haki yako kuvichukua.

Ni mimi mdogo wako,
Diwan