Mbeleko Isiyo na Harufu ya Mama

Mjukuu wangu Rehema, mke mwenzangu,

Salamu zako za Mbeya nimezipata. Babu yako hajambo, goti tu ndilo linamsumbua, ila ubishi uko palepale.

Umeniuliza kwa nini mwanao Nasra analia kila ukimbeba kwa ile mbeleko mpya ya pamba, iliyofumwa kwa mkono. Unahofu amekukataa kwa kuwa unashinda kazini. Pole, mwanangu. Hata mie nilidhani hivyo.

Miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa na kila mtu akizihangaikia, nilikuwa nawapikia vibarua wa bandari pale Kurasini. Mama yako, hajatimiza miaka miwili, alishinda kwa jirani, Mama Chausiku. Shangazi yangu akaniletea mbeleko kama hiyo yako kutoka bara. Nikaifua, nikaipiga pasi, nikambeba. Alipiga kelele mpaka majirani wakatoka, kisha akakimbilia kanga kuukuu ya Mama Chausiku. Nililia mbele za watu.

Mama Chausiku akaniambia, “We naye! Hajakukataa wewe, hiyo nguo ndiyo haijui. Jifunge mwenyewe, upike nayo.”

Nikapika nayo siku tatu, ikanuka moshi, samaki na jasho langu. Siku ya nne mama yako aliivuta mwenyewe, akapanda mgongoni, akalala.

Basi hiyo yako ivae kwanza. Yangu ya zamani mama yako atakuletea. Nimejifunga wiki nzima, usiifue. Hiyo yangu si ya Nasra. Ni ya kwako wewe.

Bibi yako, Temeke