Dola Elfu Nne za Kutufanya Wageni Kwetu

Mtaa wa Tillotson 418,
Elyria, Ohio.
Jumanne, 21 Mei 2019.

Mpendwa mwanangu Corliss,

Habari za huko Alaska? Barafu imeshayeyuka, au bado mnavaa makoti mpaka ndani? Natumai Thaddeus amepona kikohozi. Mpake mafuta kifuani na umvalishe soksi, na usiniambie madaktari wa siku hizi hawasemi hivyo. Mimi mzima, ni goti tu. Baba yako anakula vizuri na hajaanguka tena, lakini kila akipanda ngazi roho yangu inapanda naye. Kwa hiyo usidhani nimesahau kwa nini tunauza nyumba. Vile vyumba vya chini kwenye jengo la wazee wanatushikia mpaka mwisho wa Juni, na bila kuuza hatuvipati.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Soma mpaka mwisho, ndipo unikasirikie.

Yule mpambaji wenu Maribeth, wa kuipamba nyumba iwavutie wanunuzi, alikuja na lori. Nasema wenu, maana wewe na dalali Trent ndio mliomwona wa maana. Dola elfu nne kwa mwezi wa kwanza, na mia tisa kila mwezi unaoongezeka, na hatuachii hata kijiko! Ni vitu vya kukodi. Kochi la kijivu lisilokalika, zulia la kijivu, picha ya kijivu ambayo sijui ni wingu au ni ukuta ulioloa. Ukimuuliza, anasema rangi hiyo inatuliza. Inatuliza maiti.

Kitandani kaweka mito kumi na moja, nimeihesabu. Taulo za bafuni kazifunga utepe, ole wako ujifute. Mezani kaweka bakuli la malimau, nami nilipokata moja nikamulie chai ya baba yako alinitazama kama nimemwibia pochi. Vitabu alivyotuachia shangazi yako kavigeuza, migongo imeelekea ukutani, kurasa nje, eti majalada yana rangi nyingi mno. Mimi shule niliachia darasa la nane, lakini hata mimi najua kitabu kinavyosimama. Yeye kasomea mambo hayo, ana cheti.

Picha zetu zote kazitia kwenye maboksi gereji. "Bi Verna," akaniambia, "mnunuzi anataka kujiona yeye humu ndani, si ninyi." Nikamwambia, "Basi mwekee kioo." Hakucheka. Yale meno yake ni ya maonyesho.

Haya yote ningeyameza, mwanangu, kama si baba yako.

Tangu lori liondoke hajui yuko wapi. Kusahau kwake unakujua, majina yanamtoka, lakini nyumba hii alikuwa akitembea ndani yake hata amefumba macho. Sasa anakaa ukingoni mwa lile kochi, koti mwilini, kofia magotini. Alhamisi aliniinamia akaninong'oneza, "Verna, tuage sasa. Wenyewe wanataka kula." Kesho yake akaniuliza kama watakasirika akiomba kwenda chooni. Choo alichokijenga kwa mikono yake, Corliss. Nikamwambia wamesema aende tu, kisha nikaingia jikoni nikafungulia maji ili asinisikie.

Nilimpigia Trent. Akasema, "Vumilieni kidogo Bi Verna, nyumba inapendeza mno kwenye picha." Mwanamume mzima ananukia kama duka la maua, msumari na skrubu havitofautishi, na huyo ndiye anauza nyumba za watu.

Jumapili ikawa siku ya kuwafungulia wanunuzi. Unajua desturi, wenye nyumba hufukuzwa wasije wakawaharibia wateja hamu. Tukakaa kwenye gari kona ya kanisa na mikate yetu ya jibini. Nilishuka kutupa karatasi, kurudi, gari tupu. Nilikimbia na goti hili hili. Nikamkuta baba yako ameshaingia na wateja, ana karatasi ya bei mkononi, anakagua. Trent, aliyekula mezani kwetu mara mbili, anamwambia, "Karibu mzee, unatafuta ya vyumba vingapi?"

Baba yako akagonga sakafu kwa kisigino. "Aliyeweka mbao hizi alijua kazi," akasema. Watu wakaitikia kwa vichwa. Halafu akauliza kwa sauti, "Lakini wenyewe walikufa lini?"

"Hawajafa, mzee. Wapo."

"Wacha wewe! Mtu aliye hai anakaa hivi?"

Mama mmoja alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi nilimshika mume wangu mkono, nikamwambia, "Orrin, hapa ni kwako. Hizo mbao uliziweka wewe." Akanitazama kwa huruma. "Tusidai vitu vya watu, Verna."

Hapo nikawatoa wote nje. Trent akanifuata, "Bi Verna, tafadhali, kuna familia iko tayari kutaja bei!" Nikamwambia kama wanaitaka nyumba watarudi, na kama wanataka malimau, sokoni yapo.

Jana nilimwita Maribeth akachukua takataka zake. Hela haturudishiwi, mkataba ndivyo unavyosema. Trent anasema sasa itabidi tushushe bei, tena sana. Watu wa jengo la wazee nao wameniambia mwisho wa Juni ni mwisho wa Juni. Sikufichi, naogopa. Lakini atakayekuja kuitazama nyumba hii atatukuta tumo, na sufuria iko jikoni.

Jirani yetu Bi Dubicki na mumewe walinisaidia kurudisha maboksi. Leo asubuhi baba yako kashuka, kasimama, kaangaza huku na huku. Mara akafoka, "Nani kaigusa redio yangu? Miaka yote nakwambia mshale usisogezwe!" Alinigombeza mpaka chai ikapoa. Nilisimama tu namsikiliza, mayai yakaungua.

Kwa hiyo ukasirike, haki yako. Ila Juni ikiisha hatujauza, usinitafutie mtaalamu mwingine. Uje mwenyewe.

Msalimie mumeo Lyle, na Thaddeus mbusu mashavu yote mawili. Bi Dubicki anakusalimu. Mungu akulinde na baridi, na akupe bosi mwenye huruma wa kukupa ruhusa.

Baba yako ameniuliza namwandikia nani. Nilipomtajia jina lako amefikiri kidogo, akasema, "Mwambie aje. Na asigonge mlango kama mgeni."

Akupendaye kuliko nyumba yoyote,
Mama yako, Verna