Muziki Bila Maneno

Jumamosi, 3 Machi

Hujambo, daftari langu? Hali yako huko chini ya godoro? Mimi mzima, namshukuru Mungu, ila miguu imevimba na macho yanawasha. Mwenzangu wa mitamboni bado anaumwa, kwa hiyo zamu zake zote nazibeba mimi. Nimetoka redioni jioni hii, kesho alfajiri narudi. Baba watoto anasema redio ya taifa imenioa na yeye yuko hai. Nimecheka — halafu nikasinzia na kijiko mkononi.

Kesho nitakosa ibada. Nitasali hukohuko katikati ya nyaya. Mungu ananielewa.

Jumapili, 4 Machi

Ee Mungu wangu! Nimefanya nini leo?

Niandike polepole. Mtangazaji wa zamu hakufika, gari la kazini liliharibika njiani. Saa ya taarifa ya habari ikawadia, niko peke yangu. Sheria yetu ni moja: hewa isikae kimya. Kabati la nyimbo limefungwa, ufunguo anao mtangazaji. Mezani palikuwa na kanda ya kipindi cha dini. Kinanda kitupu, nyimbo za kuabudu bila maneno. Nikaiweka. Nikaketi. Usingizi ukanipitia.

Kushtuka — kinanda bado kinalia. Nikachungulia dirishani, barabara tupu, hata mbwa hayupo. Askari wawili wa getini wamevua mashati ya kazi, wamekaa na fulana kama watu waliokuja kutafuta kibarua. Hapo ndipo nilipokumbuka. Mimi! Mimi niliyekuwepo mara zote mbili!

Maana nchi hii kila mtu anajua. Rais wa kwanza, yule tuliyemwita Mzee, alipopinduliwa akiwa safarini, redio iliamka na muziki bila maneno. Hakuna taarifa, hakuna salamu. Nilikuwa msichana wa kufagia studio. Baadaye wakaja wanajeshi wakasema. Rais wa pili, Kapteni, alipofia ofisini, muziki uleule, siku nzima kabla mtu hajathubutu kutamka neno. Tangu uhuru hatujabadili Rais kwa njia nyingine. Watoto wa shule wanababaika katika wimbo wa taifa, lakini hilo hawababaiki: saa ya taarifa ikipigwa muziki mtupu, Rais hayupo tena.

Na Rais yupo! Alikuwa anakunywa chai, wanasema, akasikia kwenye redio yake mwenyewe kwamba hayupo.

Jumatatu, 5 Machi

Mkurugenzi alinifokea mpaka sauti ikakauka, halafu akaanza kunong'ona. Bora angeendelea kufoka.

Maduka yalifungwa jana nchi nzima. Waziri mmoja amekutwa karibu na mpaka, magodoro juu ya gari. Amesema anahamisha shangazi. Askari wa getini, shati limerudi mwilini, kanisogelea: "Mama, umetutawala nusu saa nzima. Si ungetuongeza mshahara kwanza?" Nikamwambia anyamaze, kuta zina watu.

Nimesimamishwa kazi, ila niripoti kila asubuhi nikae kwenye benchi. Ndiyo hivyo. Naripoti kukaa.

Rais hajasema lolote. Watu wanamwita Mpole kwa sababu hapandishi sauti. Kapteni alikuwa akipiga kelele, tulijua pa kujificha.

Jumanne, 6 Machi

Wamemchukua mkwe wangu.

Binti yangu amekuja mbio bila viatu. Mumewe ni kinyozi, kibanda chake hakina mambo mengi: kioo, viti viwili, na picha ya Rais ukutani, kama sheria inavyotaka kila penye biashara. Jumapili aliposikia kinanda aliishusha ile picha. Akaipangusa vumbi — huyo ndiye mkwe wangu — akaiweka nyuma ya beseni, uso ukutani. Kisha akatoka mlangoni: "Leo kunyoa bure! Nchi nzima imenyolewa!" Watu wakapanga foleni. Mmoja wao alinyolewa vizuri kabisa, akaenda kumshtaki na kichwa chake kinang'aa.

Nimejaribu kusali. Maneno hayatoki, nimepiga magoti tu.

Alhamisi, 8 Machi

Tumeruhusiwa kumwona. Dakika chache, nondo katikati.

"Shikamoo, mama." Macho chini kama kawaida yake, hajawahi kunitazama usoni tangu amuoe binti yangu. Mdomo umevimba. Nikamwuliza, mwanangu, ulifikiri nini? Akasema wateja wake walimwonya. Walimwambia pengine redio imeharibika tu, tusubiri. "Mimi nikawaambia, mama mkwe yuko zamu leo. Na mama hakosei."

Hakusema kwa kunilaumu. Alisema kama mtu anayenisifia mbele ya wageni.

Sijala tangu pale.

Ijumaa, 9 Machi

Leo amekuja bwana kutoka Ikulu. Kijana wa makamo, suti safi, manukato mazuri, ananiita mama kila baada ya neno. Akaniagizia soda. Mkurugenzi alisimama muda wote katika ofisi yake mwenyewe.

Bwana akasema Rais hana kinyongo nami. Halafu akanieleza, taratibu, kama mtu anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Redio ni sauti ya Rais. Sauti ya Rais haiwezi kukosea eti kwa sababu gari limeharibika na mama amesinzia. Kwa hiyo halikuwa kosa. Lilikuwa jaribio! Rais alitaka kujua nani yu pamoja naye. Jumatatu, baada ya taarifa ya habari, mimi mwenyewe nitasoma hivyo hewani: niliagizwa, nikatekeleza. Nitarudishwa kazini. Pengine na cheo.

Nikauliza, na wale waliofurahi?

"Hao, mama, wamefeli jaribio."

Na nikisema nilikosea?

Akatabasamu. Akasema basi waliofurahi walidanganywa tu, watakwenda nyumbani kwao. Aliyewadanganya atajibu. Kuna neno lake, mama, linaitwa hujuma. Akaniuliza kama soda ni baridi ya kutosha.

Nikajikaza, nikauliza kwa nini wasinirekodi. Mkurugenzi akakohoa: kanda mpya hazijaletwa tangu mwaka jana, maombi yapo Ikulu yanasubiri saini. Bwana akatazama viatu vyake.

Jumapili, 11 Machi

Nimekwenda ibadani. Benchi langu lilikuwa tupu kulia na kushoto, kama nina upele. Mchungaji alimwombea Rais kwa vyeo vyake vyote, akamaliza pumzi. Mkwe wangu hakuombewa hata kwa jina la kazi yake.

Nyumbani Baba watoto kasema, soma wanachotaka. Mkwe tutamwombea msamaha. Kwa nani? nikamwuliza. Akavaa viatu akatoka, akarudi, akavua. "Nimezeeka, mke wangu," kasema. "Sijui kupika hata uji." Ndiyo namna yake ya kuniambia ananipenda.

Binti amekaa jikoni mchana kutwa akichambua mchele ambao ulikwisha chambuliwa. Amesema neno moja tu: "Sikuombi kitu, mama." Heri angeniomba.

Nimechoka. Sikuchoshwa na kazi, kazi naijua. Nimechoka na marais. Mzee tulimwimbia, Kapteni tulimpigia saluti, huyu tunamtundika ukutani. Na kila mmoja nilimtumikia kwa mkono huu huu, ufagio kwanza, swichi baadaye.

Jumatatu, 12 Machi

Naandika nyuma ya karatasi waliyonipa kusoma. Nitaibandika humu nikirudi. Wanadhani najifunza matamshi.

Niko studio, upande wa pili wa kioo. Miaka yote hiyo sikuwahi kukaa huku! Kiti ni kizuri, kina mto. Maikrofoni inanuka mate ya watu. Bwana wa Ikulu yuko pembeni yangu, amenimiminia maji. Kule ng'ambo, mahali pangu, amekaa mkurugenzi, mkono juu ya swichi. Nikienda nje ya karatasi atanikata. Nimepima mwendo wa mkono wake — nina pumzi ya sentensi moja. Moja tu ndiyo itakayowafikia watu.

"Niliagizwa." Nalala kitandani kwangu leo.

"Nilisinzia." Mkwe wangu analala kwake.

Mtangazaji anasoma. Rais amepokea mabalozi. Rais amefungua daraja. Rais amewashukuru wananchi kwa utulivu wao. Sasa ameingia habari za mazao, na baada ya mazao ni mimi. Amebakiza ukurasa mmoja, ananikonyeza nijiandae. Mikono yangu imetulia, sijui kwa nini. Bwana anasogeza glasi, anasema, "Kunywa, mama."

Mola wangu, nimekuuliza tangu Ijumaa. Wewe hukosei, unachelewa tu. Nakuomba unijibu upesi, mahindi yamekwisha, ameshafika kwenye pamba